Upepo upo, baridi hakuna: lugha ya kutambua kasoro za mkondo wa hewa katika viyoyozi na hita za nyumbani

Kauli inayosikika zaidi mtu anapomwita fundi wa kiyoyozi ni “AC imeisha gesi.” Kauli hiyo ina sura ya maelezo ya dalili, lakini kwa hakika ni hukumu: msemaji amekwisha kutaja ugonjwa kabla ya kueleza anachokihisi. Mara nyingi kasoro yenyewe haiko kwenye gesi bali kwenye mkondo wa hewa, yaani kichujio kimejaa vumbi, pazia limefunika mtambo, au kabati limesogezwa mbele ya tundu. Fundi aliyeitwa kwa neno “gesi” huja na mtungi wa gesi, na mwenye nyumba hulipia kitu ambacho hakikupungua.

Makala haya yanafafanua maneno yanayohitajika ili kueleza dalili hizo kwa usahihi. Yanamfaa mfasiri wa vijitabu vya maelekezo, mwalimu wa Kiswahili cha kazi za ufundi, na mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini “hakipoi” na “hakipozi” si kitu kimoja.

1. Hewa, upepo, mkondo, mzunguko

“Hewa” (ngeli ya i-/zi-) ni kitu chenyewe, yaani kile kinachovutwa na mapafu. Neno hili lina asili ya Kiarabu. “Upepo” (ngeli ya u-) ni hewa iliyo katika mwendo, na limetokana na mzizi wa Kibantu unaoonekana pia katika “pepea”, “pepeta”, “peperuka” na “upepeo”. Kwa hiyo chumba kisicho na upepo bado kina hewa. Anayesema “chumba hakina hewa” anatumia tamathali inayokubalika katika mazungumzo, lakini katika maelezo ya kiufundi ni heri kusema “hewa ya chumba imetuama” au “chumba kina fukuto”.

Watu wa pwani wana maneno mengi ya pepo za nje: kaskazi, kusi, matlai, umande. Hewa inayosukumwa na mashine ndani ya nyumba haina hazina kubwa kiasi hicho, na ndiyo maana istilahi tatu zifuatazo huchanganywa.

“Mkondo wa hewa” ni hewa inayokwenda upande fulani, kama mkondo wa maji baharini. Neno hili linafaa pale mwelekeo unapohusika: “Elekeza mkondo wa hewa juu, usimpige mtoto moja kwa moja.”

“Mtiririko wa hewa” husisitiza wingi wa hewa inayopita kwa muda fulani. Linafaa katika vijitabu vya kiufundi: “Mtiririko wa hewa umepungua kwa sababu kichujio kimeziba.”

“Mzunguko wa hewa” ni safari nzima: hewa inatoka kwenye mtambo, inaenea chumbani, kisha inarudi kwenye mtambo. Kiyoyozi cha ukutani, chenye sehemu ya ndani na sehemu ya nje, kwa kawaida huzungusha hewa ileile ya chumbani. Hakivuti hewa kutoka nje. Kwa sababu hiyo sentensi “kiyoyozi huleta hewa safi” inapotosha. Kinachobadilisha hewa ya chumba ni “uingizaji hewa”, yaani dirisha, tundu la ukutani au feni inayotoa hewa nje. Mfasiri anayeandika “mzunguko wa hewa” mahali pa “uingizaji hewa” anaweza kumfanya msomaji afunge madirisha mchana na usiku akiamini kwamba mashine inampa hewa mpya.

Tanbihi ya sarufi: wingi wa “upepo” ni “pepo”, umbo linalofanana na “pepo” lenye maana ya mashetani. Katika maelezo ya mashine, umoja unatosha: “upepo wa sehemu zote mbili”, si “pepo za sehemu zote mbili”.

2. Poa, poza, na swali la nani anayepoa

“Poa” ni kitenzi kisichochukua yambwa: chai imepoa, chumba kimepoa. “Poza” ni kauli ya kutendesha: kiyoyozi kinapoza chumba. Kutokana na tofauti hiyo:

“Chumba hakipoi” ni sahihi. Ndiyo dalili anayoihisi mtu.

“Kiyoyozi hakipozi” ni sahihi. Mashine haitendi kazi yake ya kupoza.

“Kiyoyozi hakipoi” kinamaanisha kwamba mashine yenyewe ina joto na haipungui joto. Hilo linaweza kuwa kweli, kwa mfano sehemu ya nje ikipata moto kupita kiasi, lakini ni dalili nyingine kabisa.

Umbo “pooza”, lenye irabu ndefu, katika matumizi ya leo humpeleka msomaji zaidi kwenye ugonjwa wa kupooza. Katika maandishi rasmi kuhusu mashine, “poza” na “kupozea” (kwa mfano “gesi ya kupozea”) huondoa utata huo.

Kinyume cha “poza” kwa upande wa joto ni “pasha joto”. Hita hupasha hewa joto. Hewa hupata joto. “Chemsha” ni la vimiminika: maji huchemshwa, hewa haichemshwi.

3. Kauli nne za msingi

Mtu akisimama mbele ya kiyoyozi na kuweka mkono kwenye mdomo wa mashine, anaweza kupima mambo mawili kwa wakati mmoja: nguvu ya upepo na kiwango cha ubaridi. Kiswahili kina njia fupi ya kueleza matokeo yake kwa virejeshi vya mahali: “upepo upo”, “baridi ipo”. Kila jozi inaelekeza mahali tofauti.

“Baridi ipo, upepo ni hafifu.” Hii ndiyo dalili halisi ya kasoro ya mkondo wa hewa. Hewa kidogo inayotoka ni baridi sana, pengine kuliko kawaida, kwa sababu inapita polepole kwenye mapezi ya chuma yenye ubaridi. Pa kuanzia ni kichujio, kisha mapezi hayo, kisha feni ya ndani, ambayo mabawa yake huweza kufunikwa na uchafu hadi yakashindwa kusukuma hewa.

“Upepo upo, baridi hakuna.” Kwanza hutazamwa rimoti, kwani huenda mashine imewekwa kwenye hali ya feni pekee. Kisha hutazamwa sehemu ya nje: kama imezungukwa na mizigo, imefunikwa, au mapezi yake yamejaa vumbi na chumvi ya bahari, haiwezi kutupa joto nje, na hewa ya ndani hubaki vuguvugu. Hiyo nayo ni kasoro ya mkondo wa hewa, ila iko upande wa pili wa ukuta. Sehemu ya nje ikiwa safi na iliyo wazi, ndipo swali la gesi au kompresa huwa na msingi.

“Upepo upo, baridi ipo, chumba hakipoi.” Mashine inatoa, chumba hakipokei. Sababu hutafutwa nje ya mashine: mlango ulio wazi, jua la alasiri, mashine ndogo kuliko chumba, au pazia linalorudisha hewa baridi kwenye mdomo wa kuvutia hewa kabla haijaenea. Katika hali hiyo ya mwisho mashine huhisi baridi yake yenyewe na kujipumzisha mapema, ilhali aliyeketi kona ya pili anatokwa na jasho.

“Upepo hakuna, baridi hakuna.” Feni imesimama, au barafu imeziba njia yote. Anayeeleza hali hii aongeze habari moja muhimu: je, ilianza ghafla, au upepo ulipungua kidogo kidogo? Kiswahili hubainisha hayo vizuri: “umekatika” kwa jambo la ghafla, “umefifia” kwa jambo la taratibu. Uchafu hufifisha, hitilafu ya umeme au ya mota hukata.

4. Barafu, sakitu na maji yanayodondoka

Wasemaji wengi hushangaa kuona barafu kwenye mashine iliyoshindwa kupoza chumba. Maelezo ni haya: mapezi ya ndani huhitaji hewa ya chumba ipite juu yake ili yapokee joto. Hewa ikipungua, joto la mapezi hushuka chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, unyevu wa hewani huganda juu yake, na tabaka hilo huzidi kuziba njia ya hewa. Tatizo hujilisha lenyewe.

Kwa tabaka jembamba jeupe kama umande ulioganda, neno ni “sakitu”. “Barafu” ni la donge au tabaka nene. “Theluji” ni ile inayoanguka kutoka mawinguni au kukaa kileleni mwa mlima, haifai hapa.

Mfasiri asiandike kwamba barafu ni dalili ya kichujio kilichoziba peke yake, wala ya upungufu wa gesi peke yake. Gesi iliyopungua nayo huweza kugandisha mapezi na bomba. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni upepo uliokuwapo kabla barafu haijajaa: ulikuwa hafifu, au ulikuwa na nguvu bila baridi ya kutosha?

Kuhusu maji, “kiyoyozi kinavuja” ni kauli yenye sura mbili, kwa kuwa “vuja” hutumika kwa maji na kwa gesi vilevile. Iandikwe “kinadondosha maji” au “maji yanatona kutoka sehemu ya ndani”. Mara nyingi maji hayo hutokana na barafu inayoyeyuka au bomba la kutolea maji lililoziba.

5. Ziba na zibwa

“Kichujio kimeziba” na “tundu limezibwa” zinatofautiana kwa zaidi ya kiambishi. “Kimeziba” hueleza hali iliyofikiwa bila kumtaja mtendaji: vumbi limejikusanya siku baada ya siku. “Limezibwa” ni kauli ya kutendwa, na msikilizaji hutarajia mtendaji: limezibwa na kochi, na pazia, na boksi lililowekwa juu ya mtambo. Kauli ya kwanza huitika kwa kusafisha. Ya pili kwa kuondoa au kusogeza. Mwandishi wa mwongozo akizingatia tofauti hiyo, msomaji hujua la kufanya kabla ya kufika kwenye maelekezo.

“Kichujio” (ki-/vi-) na “chujio” yote yanakubalika, ingawa “chujio” humkumbusha msomaji chombo cha chai. “Filta” ndilo neno la gereji na la mafundi, nalo linaeleweka kila mahali. Mwongozo unaweza kutumia “kichujio” na kutaja “filta” mara ya kwanza tu.

Vitenzi vya kukitunza vipo tayari katika lugha ya nyumbani na havihitaji kuundwa upya: kukichomoa, kukikung’uta vumbi, kukiosha kwa maji na sabuni laini, kukisuuza, kukianika kivulini hadi kikauke kabisa, na kukirudisha. Neno “sevisi” ni la kawaida mitaani lakini halisemi chochote kwa uhakika. “AC imefanyiwa sevisi” inaweza kumaanisha kichujio kimeoshwa, mapezi yamesafishwa, au gesi imeongezwa. Katika hati ya malipo au mkataba, kila kazi itajwe kwa jina lake.

6. “Gesi imekwisha”

Kauli hii imejengwa juu ya mfano wa jikoni. Gesi ya kupikia huwaka, hutumika na kwisha, mtungi hubadilishwa. Gesi ya kupozea haitumiki kwa namna hiyo. Huzunguka katika mabomba yaliyofungwa, ikigeuka kimiminika na kurudi kuwa gesi, mwaka hadi mwaka. Ikipungua, kuna mahali inapovuja. Kwa hiyo kauli sahihi ni “gesi imevuja” au “gesi imepungua kwa kuvuja”.

Tofauti hii ina gharama. “Imekwisha” huitika kwa “jaza”; “imevuja” huitika kwa “tafuta tundu, liziba, kisha jaza”. Anayejaza bila kuziba atajaza tena. Na anayejaza mashine ambayo shida yake ilikuwa kichujio huiongezea gesi kupita kiasi, jambo linaloweza kuharibu kompresa. Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye risiti: gesi ya zamani iitwayo R-22 huharibu tabaka la ozoni, na matumizi yake yanasitishwa hatua kwa hatua chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Kila inapovuja, haiishii chumbani.

7. Neno “gesi” katika nyumba za nchi za baridi

Katika nyumba nyingi za Marekani na Kanada, ambako leo wanaishi Waswahili na wasemaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo na kwingineko, joto na baridi hupitia mfumo mmoja wa njia za hewa zilizofichwa sakafuni, kutani au darini. Tanuri la nyumba hupasha hewa joto, na feni huisukuma vyumbani. Maneno mawili ni ya lazima hapa: “tundu la kutolea hewa” na “tundu la kurudishia hewa”. Mgeni huyaona yote kama matundu tu, na kuweka kitanda au kochi juu ya lile la kurudishia kwa kuwa halitoi joto. Hewa isiporudi, haitoki pia. Karatasi ya shashi huonyesha tofauti: kwenye tundu la kutolea husukumwa, kwenye la kurudishia huvutwa na kunata.

Dalili za mkondo dhaifu katika mfumo huu ni chumba kimoja chenye joto na kingine chenye baridi, mluzi unaosikika penye upenyo mwembamba, na tanuri linalowaka na kuzima kila mara. Hili la mwisho hutokea kwa sababu joto lisilochukuliwa na hewa hurundikana ndani, na kifaa cha usalama hulizima tanuri kabla halijaungua. Kauli “hita inajizima” itafsiriwe kwa uangalifu: kifaa cha usalama huenda kinafanya kazi yake, na kasoro iko kwenye hewa.

Hapa neno “gesi” hubadilika maana kabisa. Tanuri nyingi huchoma gesi asilia, ambayo hutiwa harufu kama ya mayai viza ili uvujaji utambulike. Katika nyumba hiyo, “gesi inavuja” haimaanishi kumwita fundi wa kiyoyozi wiki ijayo. Maana yake ni kutoka nje mara moja na watu wote, bila kuwasha wala kuzima taa, na kupiga simu ya dharura ukiwa mbali na nyumba. Mkalimani anayesikia kauli hiyo kwa simu aulize kwanza: gesi ya kupozea au gesi ya kuwasha? Je, kuna harufu? Katika maandishi, “gesi ya kupozea” na “gesi ya kuwashia” ziandikwe kwa ukamilifu kila zinapotokea, hata kama urudiaji unachosha.

8. Sauti kama dalili

Kiswahili kina vitenzi vya sauti vinavyotofautisha kasoro vizuri kuliko neno “kelele”. Mashine inayovuma iko katika hali ya kawaida, ikiwa mvumo wake haubadiliki. Inayopiga mluzi inabana hewa penye upenyo mwembamba, mara nyingi kwenye kichujio kilichoziba au tundu lililofungwa nusu. Inayokwaruza ina kitu kinachogusana na mabawa ya feni. Inayogonga ina kitu kilicholegea. Inayonguruma na kutetemesha ukuta ina uzito usio sawa, huenda kwa uchafu ulioganda upande mmoja wa feni. “Kiyoyozi kinapiga kelele” haimsaidii fundi. “Kinapiga mluzi kikiwaka, kisha kinanyamaza” inamsaidia.

9. Kauli za kuepuka na mbadala wake

“AC imeisha gesi” → “Upepo upo, baridi hakuna” au “Upepo umefifia”, kwa kadiri ya kinachohisiwa.

“Kiyoyozi hakipoi” → “Kiyoyozi hakipozi” au “Chumba hakipoi”.

“Kiyoyozi kinavuja” → “Kinadondosha maji” au “Gesi ya kupozea inavuja”.

“AC hiki kimeharibika” → “AC hii imeharibika”, au “kiyoyozi hiki kimeharibika”. Ngeli hufuata neno lililotamkwa, si kitu chenyewe.

“Kiyoyozi kinavuta sana” → “kinatumia umeme mwingi” au “kinavuta hewa kwa nguvu”. Bila yambwa, “vuta” huacha shaka.

Kwa mwalimu, zoezi lifaalo ni kuwapa wanafunzi kauli moja ya hukumu, kama “gesi imekwisha”, na kuwataka waandike maswali matatu ambayo fundi angeuliza kabla ya kuikubali, kisha majibu yake kwa vitenzi vya dalili tu: umefifia, umekatika, kimeziba, limezibwa, kinadondosha, kinapiga mluzi. Mwanafunzi anayeweza kueleza anachokihisi bila kutaja sababu amejifunza lugha ya ufundi. Sababu ataitafuta fundi, akiwa na mahali pa kuanzia.